Ukuta wa Roccaventula: Lango Lililofunguliwa Kabla ya Mzinga

Kisu cha Askofu kilishuka.

Wiki nzima mmenisumbua na kisu hicho. Muuza karatasi wa hapa chini kwangu kila asubuhi ananidaka mlangoni, "Kimeshuka, hakijashuka?" Kimeshuka, ndugu zangu. Kimempasua kuku kifuani mpaka mfupa ukalia, na Bibiana amesimama pale pale anatazama, roho iko juu.

Wewe uliyechelewa kuanza kusoma, sijui ulikuwa wapi, lakini sogea nikueleze mara moja tu. Makardinali arobaini na wanne wamefungiwa ndani siku ya kumi na mbili leo, wanachagua Papa. Milango imezibwa kwa matofali. Kinachoingia ni chakula peke yake, kinapitia kabati la duara linalozunguka ukutani, na hata hicho chakula kinapasuliwa kwanza na Askofu mkaguzi, asije mtu akapenyeza barua.

Na Bibiana, mpishi wa Mwadhama Kardinali Morandini, alikuwa amepenyeza barua. Ndani ya yule kuku.

Miaka tisa iliyopita watu arobaini na mmoja wa mji wa Roccaventula walikataa kutoa ngano yao, wakajifungia nayo ghalani. Amri ikaja mlango uzibwe kwa mawe, wao wakiwa ndani. Baba yake Bibiana alikuwemo. Dada yake Orsola alikuwemo na mtoto mgongoni. Mumewe Nardo alikuwemo pia. Bibiana alikuwa ameitwa kijiji cha jirani kupika harusini, akarudi akakuta ukuta. Sasa amri yenyewe, ndiyo hiyo barua, imemfikia mikononi, imepigwa muhuri wa mwewe, muhuri wa Kardinali Bragadori aliyekuwa gavana wa mji ule. Na Bragadori huyo amebakiza kura tatu tu awe Papa. Kura zinapigwa leo baada ya chakula cha mchana. Bibiana alitaka amri imfikie bwana wake Morandini kabla ya saa hiyo, aisome mbele ya wenzake wote. Basi, hayo ndiyo mambo. Turudi kwenye kuku.

Askofu alitia vidole viwili, akachokonoa. Akatoa vitunguu saumu. Akatoa majani. Akatoa ini.

"Mbona unatetemeka, mama?"

"Baridi, Baba Askofu."

"Mwezi wa nane huu?"

"Mimi mgonjwa mgonjwa tu, Baba."

Askofu alimtazama, akatazama kuku, akajifuta vidole kwenye kitambaa cha meza ya Mwadhama bila haya.

"Kuku wako hana kitu. Weka kapu, uondoke."

Mwingine angepiga magoti akashukuru. Bibiana hakushukuru. Barua ile aliifunga mwenyewe kwenye ngozi iliyopakwa mafuta, akaisukuma tumboni mwa kuku kwa mkono wake mwenyewe alfajiri, na jikoni alfajiri ile hakukuwa na mtu mwingine ila mmoja. Alitembea kutoka pale hadi nyumbani bila kumsalimia mtu, na walioijua tabia yake walimpisha njia.

Mtu huyo mmoja ni Prospero, msimamizi wa nyumba ya Mwadhama. Mzee wa miaka sitini na tatu, amezaliwa Roma, na hajawahi kulala nje ya Roma hata siku moja. Ndiye aliyemsomea Bibiana ile amri wiki mbili zilizopita, maana Bibiana hajui kusoma. Bibiana alimkuta mzee ukumbini anahesabu vijiko.

"Mzee Prospero. Iko wapi?"

"Nini, binti yangu?"

"Usinifanye mtoto. Iko wapi?"

Prospero akaweka kijiko chini taratibu. "Nimeitoa. Nilikuona unaisokomeza humo, nikasubiri ugeuke. Nilikwambia tangu siku ya kwanza, ngoja. Hukusikia. Leo wanapasua kila kitu, hata maandazi. Wangeiona, saa hizi ungekuwa na kamba shingoni."

"Shingo ni yangu."

"Na bwana ni wa wote. Ungemponza Mwadhama."

"Nimekuuliza iko wapi."

"Juu, chumbani kwake, kwenye kiti cha kusalia, chini ya mto wa kupigia magoti. Salama kabisa. Jioni nitaipitisha kwa njia yangu."

"Jioni?" Bibiana alipiga meza, vijiko vikaruka. "Kura ni baada ya chakula, Prospero. Jioni yule muuaji atakuwa amevaa kanzu nyeupe, na mimi nitatakiwa nimbusu kiatu. Baba yangu alikuna ule ukuta kwa kucha. Wewe umewahi kuona kucha za watu zimebaki kwenye mawe? Mimi nimeziona. Jioni yako ipeleke kwenu."

"Bibiana, nenda kakoroge sufuria lako. Mambo ya wakubwa yana wenyewe."

Akainuka, akasema jua limekuwa kali, anakwenda kufunga madirisha ya mbele. Bibiana alibaki pale anahema. Alijipa dakika chache damu itulie, halafu apande mwenyewe akaichukue barua yake. Dakika zile chache ndizo zilizomponza, na mimi ninayewaandikia nimekasirika naye mpaka leo kwa kuzipoteza.

Kelele zilianzia upande wa soko la mayai.

Mwanzoni zilikuwa za watu kumi. Zikawa za mia. Halafu mtaa mzima ukawa unaita jina moja, "Morandini. Morandini Papa."

Prospero alishuka ngazi mbio, yeye anayelalamika magoti kila siku ya Mungu. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Bwana wetu amepata. Bibiana, bwana wetu ni Papa." Na kabla mpishi hajafumbua kinywa, mzee alishavuka ua, akatia ufunguo, akafungua lango lote, mbao zote mbili.

Sisi watu wa Roma tuna desturi yetu na hatuionei aibu, ingawa tungepaswa. Kardinali akishakuwa Papa, nyumba yake ya zamani haina mwenyewe. Amepata Vatikani nzima, ya nini tena vitanda vyake? Basi vitanda ni vyetu. Tunaingia, tunabeba, na anayezuia anaonekana mchoyo.

Waliingia kama maji. Kitanda cha Mwadhama kilitoka kwanza, na aliyekinyakua alikuwa tayari amejilaza juu ya godoro huku ndugu zake wanne wamekishika miguu. Mtawa mnene alipita amekumbatia jibini mbili, moja kila kwapa, anasali. Kuna aliyeng'oa mlango wa chumba cha kulia akaondoka nao mgongoni. Mwanamke mmoja aliingia jikoni akashika sufuria kubwa la shaba.

"Hilo ni langu," Bibiana alisema.

"La Papa, dada. Na Papa ni wetu sote."

"Liguse tena nikuoneshe Papa."

Mwanamke aliliacha. Lakini Bibiana naye aliliacha, maana kichwani lilimjia jambo moja tu, kiti cha kusalia. Alipanda ngazi kwa kusukumana, viwiko mbele. Chumba cha Mwadhama kilikuwa kitupu, hata mapazia yameng'olewa. Kiti hakipo.

Aligeuka akakiona kinashuka ngazi, kichwani kwa mwanamke mmoja mrefu mwenye nywele zilizopakwa dhahabu. Nusu ya mji inamjua mwanamke huyo. Ni Dianora wa mtaa wa daraja, mpenzi wa makatibu na wanasheria, na wanasema wengi wao barua zao ngumu anawaandikia yeye. Bibiana alimkamata sketi katikati ya ngazi.

"Kishushe."

"Nimekitoa mimi juu mpaka hapa. Katafute chako."

"Kishushe, sikuombi mara ya pili."

Walishikana. Kiti kilianguka, kikabiringika mpaka chini, mto ukapasuka, manyoya yakajaa ua mzima. Bibiana akajitupa juu yake, akatia mkono chini ya mto, kwenye kijidroo, kila upenyo. Akakigeuza miguu juu. Hakikuwa na kitu.

"Unatafuta nini wewe?" Dianora alikuwa ameshika kiuno, anahema. "Bwana wako kapata ufalme wa dunia, na wewe unalilia kiti?"

Bibiana alikaa chini kwenye manyoya. Alitaka kulia, lakini hasira ilikuwa imekaa mbele ya machozi haikuyapisha. Ndipo akainua kichwa.

"Dada. Wewe umesikia mzinga?"

"Mzinga gani?"

"Wa Ngome ya Malaika."

Papa akipatikana, ukuta unavunjwa, msalaba unatolewa nje, na mzinga wa Ngome unapigwa mpaka vyombo kabatini vinagongana. Hata mtoto wa kunyonya Roma anaujua mlio ule. Leo haukulia. Na watu wote hawa, wenye masikio mawili mawili, hawakuukumbuka, kwa sababu kila mmoja alikuwa anawahi kitanda. Tuna laana gani sisi?

"Hakuna Papa," Bibiana alisema.

"Hakuna?" Dianora akatazama kiti, akaanza kuona haya. "Lakini habari imetoka ndani humu humu. Mimi nilikuwa sokoni. Mzee wenu alitoa kichwa dirishani akamwambia muuza mayai, bwana wetu kapata, msiseme nimewaambia. Nani asiyemwamini mzee wa nyumba?"

"Mzee gani?"

"Huyu wa vijiko. Prospero."

Sasa ninyi mnaonisoma, mlishaelewa, najua. Bibiana naye alielewa. Mtu amekaa Roma miaka sitini na tatu. Ameona Mapapa saba wakichaguliwa. Anasikia fununu ya mtaani, hangoji mzinga, anafungua lango kwa ufunguo wake. Mgeni wa juzi anaweza kukosea hivyo. Prospero hawezi.

Alikuwa amesimama ukumbini, anatazama vitu vya bwana wake vikitoka. Mkono mmoja ulikuwa umelala kifuani, kana kwamba moyo unamsumbua.

Bibiana alimsogelea karibu, pua na pua. Vitunguu saumu. Kanzu ya mzee huyu, anayejifukiza udi asubuhi na jioni, ilikuwa inanuka tumbo la kuku wake.

"Mkono toa."

"Binti yangu..."

"Mimi si binti yako. Mkono toa, au nitautoa mimi."

Hakuutoa, basi akautoa yeye. Alimsukuma ukutani, akachana kanzu toka shingoni hadi kiunoni, watu wakacheka wakidhani nao wanagombea nguo. Kifurushi cha ngozi kilianguka sakafuni.

"Umeleta watu hawa wote," Bibiana alisema, na sauti ilikuwa ya chini sasa, mbaya zaidi kuliko ya juu, "ili mimi nidhani imeibiwa. Umeiharibu nyumba ya bwana wako kwa karatasi moja. Bragadori amekuahidi nini?"

"Sijamwona Bragadori mwaka mzima."

"Mwongo."

"Naapa kwa Bikira."

Bibiana alimgeukia Dianora, aliyekuwa amewafuata nyuma kwa udadisi. "Wewe unajua kusoma?"

"Kuliko nusu ya wale waliofungiwa kule."

"Huyu alinisomea wiki mbili zilizopita. Nisomee tena."

"Usisome," Prospero alisema. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile sauti yake kutetemeka kwa kweli. "Bibi mzuri, usisome. Kwa usalama wenu nyote wawili."

Dianora alikuwa ameshaifungua. Macho yake yalikwenda kwanza chini kabisa, palipo na jina, kama macho ya watu wa barua yanavyokwenda. Akakunja uso.

"Umesema amri ya nani hii?"

"Ya Bragadori. Muhuri wake huo."

"Muhuri ni wa ofisi yake, sawa. Lakini aliyeandika na kutia saini si yeye. Hapa pameandikwa, kwa niaba ya gavana asiyekuwepo." Akamtazama mpishi. "Ottavio Morandini, kwa mkono wangu."

Bibiana aliinamia karatasi, kana kwamba angeweza kuisoma.

Miaka tisa amempikia. Anajua anapenda chumvi kidogo, anajua samaki gani humletea vipele. Bibiana aliposhika mimba ya homa mwaka wa tatu, ndivyo tunavyoiita ile homa inayovimbisha tumbo, Mwadhama alimletea tabibu wake mwenyewe. Alimpokea mjane akiwa hana viatu, akampa jiko, akasema kwa upole, watu wa Roccaventula wameteseka sana. Alisema hivyo, mdomo haukumwuma.

"Sasa umejua," Prospero alisema. Aliketi kwenye ngazi, kanzu imepasuka, mzee kweli. "Ndiyo maana niliitoa. Askofu angeiona, bwana angekwisha."

"Kwa nini hukuichoma?"

Mzee aliangalia viatu vyake. "Papa mwenye mtumishi anayeshika karatasi kama hiyo, mtumishi huyo hafi akiwa mtumishi."

"Tazama," Dianora alisema, "na huyu ndiye aliyekuwa ananiita mimi najisi kila nikipita langoni kwake."

Watu walikuwa wameanza kusimama. Habari kwamba mzinga haujalia ilishazunguka ua, na aliyekuwa na mlango mgongoni aliuegemeza ukutani. Mtawa alikuwa amebaki na jibini moja.

Prospero aliona macho yao, akaharakisha. "Bibiana, fikiri. Ukiisema hii mbele ya watu, watakwenda kupiga kelele chini ya ule ukuta, Makardinali watasikia, na bwana wetu hapati hata kura moja. Bragadori atakuwa Papa kabla ya jua kuzama. Bragadori uliyemlaani miaka tisa. Unataka hivyo?"

"Jina la Bragadori halimo hapa," Bibiana alisema. "Ana makosa yake, na mtu wa kumfikisha mbele ya haki atatokea. Mimi langu ni hili. Dianora, soma yote. Toka juu."

Dianora alisoma. Watu walioingia ghalani wasitoke. Mlango uzibwe kwa mawe na chokaa. Ngano iachwe ioze pamoja nao, iwe fundisho kwa miji mingine. Ni yale yale aliyosomewa na Prospero, neno kwa neno, na Bibiana alikuwa anayafuata kwa midomo.

Halafu Dianora akasita.

"Kuna mstari hapa kabla ya saini."

"Alishanisomea yote."

"Huu sidhani." Dianora hakutaka kumtazama usoni. "Mwashi wa hapo hapo mjini, aitwaye Nardo, aliyekubali kujenga ukuta, aachwe hai na aletwe kwangu. Atanifaa."

Mtu mmoja uani alikohoa. Bibiana aliuliza tena, akasomewa tena. Nardo. Mwashi. Aliyekubali.

Miaka tisa ameweka mshumaa kwa ajili yake kila Jumamosi. Ameukataa mkono wa mwoka mikate mara mbili, mwanaume mwema, kwa sababu ya mfu.

"Alipewa kuchagua," Prospero alisema pole pole. "Ndani au nje. Akachagua nje. Miaka yote hii alikuwa Ancona, kwenye maboma ya Mwadhama. Ni yeye aliyeomba upewe jiko hili, Bibiana. Alililia."

"Alililia."

"Ndiyo."

"Dada yangu alikuwa na mtoto mgongoni. Alimwona Orsola anaingia na mtoto mgongoni, akakoroga chokaa." Alivuta pumzi. "Yuko wapi sasa?"

Prospero aligeuza uso. Bibiana alimshika ndevu, akamwinua kwa ndevu mpaka wakawa sawa.

"Yuko wapi?"

"Ndani. Kila uchaguzi hufungiwa na mwashi mmoja na seremala mmoja, ikitokea kitu kubomoka. Safari hii Mwadhama alileta wa kwake." Mzee alikuwa analia sasa, na sidhani alikuwa anaigiza. "Siku kumi na mbili hizi, mabaki ya kapu lako, ni yeye anayekula."

Bibiana alimwachia ndevu. Alijifuta kiganja kwenye aproni, akajifuta tena, kama kuna kitu hakitoki.

"Usimwache huyu aisome mtaani," Prospero alisema. "Nakusihi. Mtaani wapo watu wa Roccaventula, unawajua, mnakutana kanisani. Ukuta ukivunjwa watamrarua Nardo kabla hajaona jua. Ni mumeo wa ndoa."

Nje ya lango watu wengine walikuwa wanazidi kufika, wenye makapu na mikokoteni, wakiuliza Papa yuko wapi. Bibiana aliwatazama. Alimshikisha Dianora karatasi vizuri mkononi, akamgeuza kuelekea ngazini.

"Panda dirishani. Soma kwa sauti, taratibu, usiruke neno."

"Na jina la bwana wako?"

"Lisome."

Dianora alipanda ngazi mbili, akasimama. "Na la mwashi?"

"Nalo," Bibiana alisema. "Anza na hilo."